Sungura Darasani: Ngano za Watoto na Mafunzo ya Maadili katika Maniema ya Kusini

Katika mijadala mingi kuhusu fasihi ya watoto, ngano hutajwa kwanza kama chombo cha kufundishia maadili, kisha, nafasi ikisalia, kama sanaa. Mpangilio huu umezoeleka kiasi kwamba hauulizwi tena. Mwalimu husimulia au husoma, watoto husikiliza, na hadithi ifikapo mwisho huulizwa swali lile lile: hadithi hii inatufundisha nini? Jibu hutolewa kwa pamoja na kwa sauti kubwa: tusiwe wavivu, tuwatii wazazi, tusiseme uongo. Makala haya yanalichunguza swali hilo. Yanadai kwamba, jinsi linavyoulizwa, swali hilo humzoeza mtoto kumridhisha mwalimu zaidi ya linavyomzoeza kupambanua jema na baya. Na kwamba udhaifu huo una uzito wa pekee mahali kama Lusangi, katika eneo la Kasongo na Kabambare kusini mwa Maniema, ambako ujanja unaosifiwa na ngano umekwisha kutendwa na watu halisi, na matokeo yake yakabebwa na vijiji vizima.

Kiswahili hakikufika Maniema kwa njia ya vitabu vya shule. Kilifika pamoja na misafara ya biashara ya pembe na watumwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, kikakaa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, kikawa lugha ya sokoni, ya msikitini, na baadaye ya kanisani pia. Hata leo wako wazee wanaojivunia kwamba Kiswahili cha Kasongo kiko karibu na kile cha pwani kuliko Kiswahili cha miji mingine ya Kongo ya mashariki. Majivuno hayo yana msingi wake, lakini hayapaswi kuficha kwamba lugha hii imepata huko maumbo yake yenyewe, na mojawapo linahusu ngano moja kwa moja. Katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki, viambishi ka- na tu- vya udogo viko hai: mtoto mdogo ni katoto, watoto wadogo ni tutoto. Kwa hiyo mhusika maarufu wa ngano aweza kuitwa kasungura. Silabi hiyo moja ina kazi kubwa. Inadokeza udogo, inadokeza mapenzi ya msimulizi kwa huyo mdogo, na papo hapo inadokeza dharau ambayo wanyama wakubwa wanayo juu yake. Mwalimu anapoisahihisha kuwa “sungura” kwa ajili ya usanifu wa lugha, kinachopotea si lahaja tu. Msimamo wa hadithi nao huondoka. Msikilizaji aliyekwisha kuelekezwa amwangalie mhusika kutoka chini, kwa jicho la mnyonge, sasa anaambiwa tu kwamba palikuwa na mnyama fulani.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, pamoja na lugha za mazingira, nafasi ya kufundishia na ya kuwa somo. Sheria ni jambo moja, na madarasa yaliyojaa zaidi tangu elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019 ni jambo jingine. Mahali ambapo kitabu kimoja hushirikiwa na watoto wengi, au hakipo kabisa, hadithi ya mdomo ndicho kifaa ambacho mwalimu anacho bila kukiomba kwa mtu yeyote. Ndiyo sababu namna ya kuitumia inastahili kuhakikiwa kwa makini kama vitabu vinavyohakikiwa.

Maadili yaliyobadilishwa juu ya hadithi zilizobaki

Historia ya somo la maadili katika shule za Maniema ni historia ya mabwana waliobadilishana ubao. Chini ya utawala wa Kibelgiji, elimu ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wamisionari, na maadili yalikuwa katekisimu. Wazazi Waislamu wa Kasongo, ambao walitazamwa na serikali hiyo kwa mashaka, walikuwa na chuo cha Kurani kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili shule ya misheni ambayo wengi wao waliiogopea imani ya watoto wao. Shule rasmi zisizo za dini zilianza mwaka 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru. Baada ya uhuru mambo yaligeuka tena: mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule za madhehebu, somo la dini likaondolewa, na mahali pake pakaingizwa somo la uraia na siasa lililokuwa na mafundisho ya chama cha MPR. Mwaka 1977 uendeshaji wa shule ulirudishwa kwa madhehebu kwa mkataba. Kisha zikaja vita za 1996–1997 na 1998–2003, na baada yake maneno mapya: amani, haki za binadamu, kuishi pamoja.

Katika mageuzi yote hayo ngano zenyewe hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni sentensi ya mwisho. Hadithi ya kisima ni mfano ulio wazi, kwa sababu inajulikana karibu kila mahali Afrika ya Mashariki na ya Kati. Panakuwa na ukame. Wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Sungura anakataa kushiriki. Maji yanapopatikana anakuja kunywa usiku, akiwahadaa walinzi kwa asali mmoja baada ya mwingine. Mwishowe kobe anajipaka ulimbo na kumnasa. Kwa mwalimu wa misheni, hadithi hii ilifaa kukemea uvivu. Kwa mwalimu wa miaka ya 1970, ilifaa kuhimiza salongo, ile kazi ya pamoja iliyoamriwa na serikali. Kwa mwalimu wa leo, yafaa kufundisha ushirikiano. Funzo ni moja lililovikwa nguo tatu.

Hata hivyo, msikilizaji wa kusini mwa Maniema hakuisikia hadithi hii katika ombwe. Amri ya Februari 1917 iliwapa watawala wa kikoloni uwezo wa kuwalazimisha wanavijiji kufanya kazi za kilimo hadi siku 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Kongo kuonja pamba ya lazima. Pamba hailiwi. Aliyeilima hakuwa ameitwa kwenye mkutano wowote wa wanyama ili akubali au akatae. Mtu wa namna hiyo, akimsikia kasungura akisema kwamba hatachimba, hakulazimika kusikia uvivu. Aliweza kusikia jambo ambalo yeye mwenyewe alitamani kulisema asiweze. Na yule msimulizi wa jioni aghalabu humwachia sungura mwanya: akiisha kunaswa, anawashauri wanyama jinsi ya kumwua, wanamfuata, naye anaponyoka. Toleo linalofaa ubaoni hukomea kwenye ulimbo. Kule kuponyoka hukatwa, maana hakuwezi kujibiwa kwa sentensi moja.

Si kwamba funzo la ushirikiano ni la uongo. Kisima cha wote ni kisima cha wote, na anywaye pasipo kuchimba huwadhulumu wenziwe. Lakini hadithi ina swali la kwanza ambalo funzo hulirukia: nani aliamua kwamba kuchimbwe, na maji yatakuwa ya nani? Mtoto aliyezoezwa kuuliza hivyo ataweza kutofautisha kisima cha kijiji na shamba la pamba. Mtoto aliyezoezwa kuitikia tu “tusiwe wavivu” hana njia ya kuvitofautisha.

Ujanja wa namna mbili

Wahakiki wanaomtetea sungura hutumia hoja moja iliyo nzuri: yeye ni mnyonge, na ujanja ndiyo silaha pekee ya mnyonge. Simba ana makucha, tembo ana uzito, fisi ana taya. Sungura ana akili. Hoja hii imesaidia kumwokoa mhusika huyu mikononi mwa walimu waliotaka kumfukuza darasani kwa kosa la uongo. Walakini, ina tundu. Inadhani kwamba sungura humdanganya mwenye nguvu siku zote. Si kweli, na ngano mashuhuri zaidi kuhusu jambo hili inaonyesha kinyume.

Katika mkusanyo wa ngano ambao Edward Steere aliutoa mwaka 1870 kutokana na wasimulizi wa Zanzibar, mna kisa cha punda wa dobi. Asili yake ni ya mbali: kisa hicho kimo katika *Panchatantra* ya Kihindi, kikapita kwa Waajemi, kikatiwa Kiarabu katika karne ya 8 na Ibn al-Muqaffa katika kitabu cha *Kalila na Dimna*, hata kikafika pwani ya Afrika na kuwapokea wanyama wa huku. Simba anataka nyama. Sungura anakwenda kwa punda, anamvuta kwa maneno ya posa, punda anafuata. Simba anamrukia, punda anakimbia na majeraha. Sungura anarudi kwa punda mara ya pili, analitafsiri lile shambulio kuwa si lolote, na punda anakuja tena. Mara hii anauawa. Sungura anakula moyo na masikio. Simba anapoviulizia, anajibiwa kwamba mnyama huyo hakuwa navyo, maana angekuwa na moyo na masikio asingerudi.

Funzo la kawaida ni kwamba tusiwe wajinga kama punda. Ni funzo la kweli, lakini limemlenga aliyeuawa. Halimgusi aliyempeleka. Na sungura wa kisa hiki hapigani na simba. Ni wakala wake. Nguvu ya simba isingemfikia punda bila maneno ya sungura, na ujanja wa sungura usingekuwa na faida bila makucha ya simba. Huu ni ujanja wa namna nyingine kabisa, nao umevaa ngozi ile ile ya mnyama mdogo tunayempenda.

Kwa mtoto wa Lusangi tofauti hii ina majina na miaka. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ameeleza katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili jinsi alivyoingia katika nchi ya Utetela. Alikuwa amepata habari za mtawala Kasongo Rushie, ambaye jamaa yake wa kike alitekwa zamani na kupelekwa mbali. Akaisuka habari hiyo na nasaba yake mwenyewe, akajitokeza kuwa mjukuu wa yule mwanamke aliyepotea. Mtawala akaamini, akampa utawala, na pamoja na utawala zikaja pembe. Mnamo mwaka 1875 alihamia Kasongo, mji ambao ulikua kuwa kitovu cha milki yake. Msomaji wa maandishi hayo hawezi kukosa kuona raha ya msimulizi anapoieleza hila yake. Anaisimulia kama ngano, kwa mwendo wa ngano, na mwenye kusimulia ndiye sungura. Tofauti ni kwamba nyuma ya sungura huyu palikuwa na bunduki.

Tippu Tip alikuwa na mawakala wake pia. Ngongo Lutete, ambaye aliinuka kutoka utwana hadi kuwa kiongozi wa vita aliyewakusanyia wakubwa wake pembe na mateka, aligeuka mwaka 1892 akajiunga na Dola Huru la Kongo. Kwa msaada wa watu wake jeshi la Dola lilivuka na kuuteka mji wa Kasongo Aprili 1893. Septemba mwaka ule ule maofisa wa Dola hilo walimshtaki kwa uhaini wakampiga risasi. Kama ngano, kisa hiki kingekataliwa na mhariri kwa kuwa na mafunzo ya wazi mno.

Ni vigumu basi kukubali kwamba mwalimu wa sehemu hizi aweza kusifu “akili” ya sungura kwa jumla, au kuilaani kwa jumla, bila kuuliza akili hiyo ilitumika kumlisha nani. Hii si adabu ya historia iliyopachikwa juu ya hadithi za watoto. Ni jambo ambalo ngano zenyewe hulitambua, kwa kuwa msimulizi hodari hubadilisha sauti yake. Kasungura anayemtumbukiza simba kisimani kwa kumwonyesha kivuli chake hupewa wimbo, na hadhira huupokea. Sungura wa punda hana wimbo wa kupokewa. Ana maneno matamu tu. Vitabu vya kusomea, vikiondoa nyimbo kwa ajili ya kubana nafasi, huondoa pia alama ambayo ingemsaidia msomaji mdogo kujua yuko upande gani.

Hoja ya walio upande wa funzo

Wapo watakaosema kwamba uhakiki wa namna hii ni anasa. Mtoto aliyezaliwa mahali palipopitiwa na majeshi na makundi ya wenye silaha anahitaji maadili yaliyo wazi kama jua, wala hahitaji utata. Hoja hii haifai kupuuzwa, maana hutolewa na watu wanaokaa na watoto hao kila siku. Kiswahili kina kazi kubwa inayoiunga mkono: *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Hapa maadili yamekuwa majina ya watu. Adili ni adili. Nduguze ni Hasidi na Mwivu. Hakuna mtoto anayeweza kukosea. Mtunzi aliichukua hadithi ya Alfu Lela Ulela ya mtu na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa, akaifanya ya manyani, akaitia majina yanayoitangaza tabia kabla haijatendwa.

Hata hivyo, mahali ambapo kazi hiyo humshika msomaji si kwenye majina. Ni pale ambapo Adili, kwa amri ya jini aliyemwokoa, analazimika kuwapiga manyani wale wawili kila usiku, huku analia, kisha kuwalisha na kuwabembeleza. Mtu mwema anatenda ukali juu ya ndugu anaowapenda, na asipoutenda ataadhibiwa yeye. Je, hiyo ni haki? Jina lake halimsaidii msomaji hata kidogo kujibu. Mfalme Rai mwenyewe, akiisha kuyajua mambo hayo, anafadhaika. Kwa hiyo hata katika kitabu kilichokusudiwa kufundisha waziwazi kuliko vyote, fundisho linaloingia moyoni limo pale ambapo maadili mawili yanagongana, na mtunzi mkubwa alijua hivyo. Watakaomwiga kwa kuchukua majina na kuacha machozi watakuwa wamechukua ganda.

Suala la uwazi hupata ugumu wake kamili katika ngano moja ambayo walimu wengi huipenda: ya msichana aliyewakataa wachumba wote, akamchagua mgeni mzuri asiyejulikana kwao, akafuatana naye, na njiani akagundua kwamba ni zimwi, au simba, au nyoka. Funzo linalotolewa ni utii: binti asiyesikia wazazi hupotea. Katika nchi ambako wasichana wengi wamechukuliwa na wanaume wenye silaha pasipo kumchagua yeyote, funzo hili si dogo wala si salama. Darasani aweza kuwamo aliyepatwa, au ambaye dada yake alipatwa. Akiitikia pamoja na wenzake kwamba aliyepotea alijitakia, ameitikia hukumu juu ya nyumba yake. Mwalimu hakukusudia hivyo, na ndiyo hatari yenyewe ya jibu lililotayarishwa kabla.

Lakini ngano hiyo ina mtu mwingine. Katika masimulizi mengi yuko ndugu mdogo, mara nyingi mwenye upele, ambaye bibi harusi hakutaka afuatane naye kwa sababu alimwonea aibu. Kakaka haka, kama kangeitwa kwa Kiswahili cha huko, kanafuata kwa siri. Kanakesha usiku wakati zimwi linanoa meno. Ndiko kanakomrudisha dada yake nyumbani. Kiasi cha nusu ya hadithi ni chake. Funzo la utii halina nafasi ya kumweka, kwa hiyo humwacha nje. Na hali yeye ndiye anayebeba jambo ambalo mtoto wa Lusangi angeweza kulifanyia kazi: kwamba aliyepotea hufuatwa, hatukanwi, na kwamba anayemfuata aweza kuwa yule aliyedharauliwa. Msimulizi wa zamani hakumpiga mahubiri binti akiisha kurudi. Alimrudisha, basi.

Kitu kimoja, maneno mengi

Haihitajiwi kwenda mbali kutafuta mfano wa mafundisho ya maadili yasiyofungwa kwa sentensi moja. Kaskazini mwa Maniema na katika sehemu za Kivu zinazopakana nayo, Walega walikuwa na bwami, chama cha ngazi nyingi ambacho mafundisho yake ya maadili yalitolewa kwa methali, ngoma na vitu vya kushikwa mkononi: vinyago vya pembe na vya mti, magamba, mikia, mafumba ya majani. Utafiti wa Daniel Biebuyck, aliyekaa huko katika miaka ya 1950, umeonyesha kwamba kitu kimoja kiliweza kupewa methali tofauti kulingana na mahali, ngazi na mfundishaji. Sanamu lenye sura mbaya halikuwa sanamu la mtu mbaya tu. Lilikuwa nafasi ya kuzungumza juu ya mtu huyo. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku bwami mwaka 1948. Biebuyck huyo huyo, akiwa kwa Wanyanga wa Walikale, aliandika mwaka 1956 utendi wa Mwindo kutoka kwa msimulizi Candi Rureke: shujaa anashinda kila kitu, kisha, baada ya ushindi, anachukuliwa juu na Nkuba, mwenye radi, ateswe kwa baridi na jua mpaka ajifunze kwamba kuna viumbe asivyokuwa na haki ya kuviua. Ni hadithi inayomsahihisha shujaa wake yenyewe, bila kumwachia mwalimu kazi hiyo.

Wanyanga na Walega si watu wa Lusangi, wala si haki kuwapa Wabangubangu na jirani zao urithi usio wao. Ila mifano hiyo yatosha kuonyesha kwamba dai la kuwa ngano ya Kiafrika kwa desturi yake humalizika kwa funzo moja lililotamkwa ni dai la vitabu vya kusomea. Desturi yenyewe ilikuwa na subira zaidi.

Mwalimu afanye nini basi, mbele ya watoto wengi na muda mfupi? Si lazima aache kuuliza. Abadilishe mahali pa swali na umbo lake. Swali likiulizwa katikati ya hadithi, kabla punda hajarudi mara ya pili, watoto watagawanyika: wako watakaosema arudi, wako watakaosema asirudi, na kila upande utalazimika kutoa sababu. Swali la “nani ameumia, na nani amenufaika?” lina jibu linaloweza kupingwa, la “tunajifunza nini?” halina, kwa kuwa mwenye jibu anajulikana. Watoto pia wapewe nafasi ya kuisimulia upya hadithi kutoka kwa mhusika mwingine: kobe aliyejipaka ulimbo, dobi aliyempoteza punda wake, kandugu kenye upele. Wimbo urudishwe. Na kama mtoto atasema kasungura, aachwe aseme. Usanifu una vipindi vyake.

Lipo jambo la mwisho katika mkusanyo wa Steere ambalo wasomaji wake hulipita upesi. Kisa cha punda wa dobi hakisimuliwi na msimulizi kwa watoto. Kimo ndani ya kisa kingine. Kima amechukuliwa mgongoni na papa kuvuka maji, na katikati ya safari papa anamwambia kwamba kwao unatakiwa moyo wa kima uwe dawa. Kima anadai kwamba moyo wake ameuacha mtini. Papa anamrudisha pwani. Kima anapanda juu na hashuki. Papa anapomwita warudi safarini, ndipo kima anapomsimulia habari za punda, ili kueleza kwa nini hatakwenda. Anayeeleza maana ya hadithi ni yule ambaye moyo wake ulitafutwa, na anayeelezwa ni aliyeutafuta. Katika darasa la Lusangi nafasi hiyo ya kima ingeweza kukaliwa na mtoto, mwalimu akisikiliza kutoka chini ya mti.